Kabla Haijajijua

Usingoje nembo, Otachi.
Ukiiona nembo umechelewa,
umebaki na kidole hewani
kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Anza pale feni inapokohoa.
F2. Gonga, gonga, usiibonyeze ukalala juu yake,
gonga kama manyunyu ya Julai
yanavyogonga bati la Luthuli leo tangu alfajiri.

Umekosa. Izime. Tena.

Mama Nzilani ameketi juu ya kreti ya soda,
mkoba mapajani.
Ameitoa Umoja imefungwa kwa shuka la mtoto.
Kila asubuhi, anasema, inaamka tarehe mosi Januari
mwaka wa elfu mbili na tisa.
"Wateja wananicheka.
Duka nimelifungua juzi,
risiti ni ya kabla sijaolewa."
Tovuti nazo zinamkatalia:
vyeti vyao, kwa saa yake, bado havijazaliwa.
Na watu wa ushuru, unawajua,
hawana utani na tarehe.

Sasa! Toa kidole.

Skrini ya buluu, haina picha hata moja.
Kipanya hakifiki huku, tunatembea kwa mishale.
Huu ndio uani wa kompyuta, Otachi.
Sebuleni wameweka maporomoko ya maji na harusi ya shemeji;
huku ni masizi na hesabu.
Joto lake. Mwendo wa feni.
Kumbukumbu: giga mbili.
Alikouziwa waliandika nne.
Hilo nitamwambia akimaliza chai.

Na saa, ile ile, mwaka ule ule.
Izime, chomoa waya, nipe bisibisi ndogo.

Betri yenyewe hii hapa,
inatoshana na sarafu ya shilingi.
Kazi yake moja, kuhesabu wengine wakiwa wamelala,
na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuitaja
mpaka ilipokufa.
Weka mpya. Maandishi yatazame juu.
Washa.

Mara hii umeingia kwa mara ya kwanza.
Sikusifu, ila nimeona.

Mstari ule wa chini usiuguse.
Ule wa kubadilisha programu ya msingi yenyewe.
Niliugusa mimi, mwaka wa kwanza hapa,
mashine ya mwanafunzi wa Kahawa,
ikafika asilimia sitini na stima ikapotea jengo zima.
Haikuamka tena, haikulia hata mlio mmoja.
Nililipa miezi saba.

"Na hiyo orodha ni ya nini?" anauliza Mama.
Ni mpangilio wa kuamka, namwambia.
Nani aitwe kwanza: flashi, diski, au mtandao.
Anacheka, kwa mara ya kwanza tangu apande ngazi zetu.
"Kwangu ni mimi, saa kumi usiku.
Halafu jiko. Halafu huyu wa shule.
Baba yao ndiye diski,
unasikia inazunguka tu huko ndani."
Otachi anacheka mpaka anapoteza mshale.
Tunaiweka diski juu hata hivyo.

Imebaki tarehe.
"Niache niiandike mwenyewe," anasema,
anavuta kreti karibu, anapangusa kidole kwenye leso.
Kisha ananitazama.
"Leo ni ngapi?"

Namtazama Otachi. Otachi anaitazama simu yake,
imezimika tangu saa nne.
Yangu iko kwa jirani inachajiwa.
Mafundi wawili wa saa za watu,
na hakuna anayejua.
Mama anafungua gazeti lililofunga mandazi,
analinyoosha juu ya goti, mafuta na yote,
anasoma kona ya juu kwa sauti.

"Hili ni la jana," nasema.

Anaongeza moja.
F10. Inauliza kama ana uhakika.
Hatuulizi sisi. Anabonyeza ndiyo.